Mjomba anataka nichukue kredit kadi kwa jina langu, na mimi mwenyewe ndo kwanza naanza maisha

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 20, nyumbani Morogoro ila kwa sasa niko Houston, Texas, nasoma uhasibu mwaka wa pili. Naomba jina langu lisitokee mana ndugu wengi wa huku wanakusoma.

Nilipokuja huku mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, ndo alinipokea. Airport alikuja yeye na mkewe na blanketi wamebeba eti nisije nikashikwa na baridi, nikakaa kwao mwaka mzima sijalipa hata senti ya umeme, asubuhi ananishusha chuo kabla hajaenda kwenye mizigo yake. Kwa hiyo Anti ninayoandika hapa usinielewe vibaya, sina ubaya wowote na mjomba.

Sasa hivi nataka kuhamia karibu na chuo na wasichana wenzangu wawili. Tulipoenda kuomba apatimenti wakatuangalia rekodi zetu za mikopo, wenzangu wakapita, mimi nikaambiwa sina rekodi kabisa, yani kwenye mfumo wao ni kama sipo, kwa hiyo nilipe dipoziti mara mbili. Nina akiba ya dola 900 tu. Nafanya kazi mgahawa wa chuo masaa 18 kwa wiki, kwa mwezi napata kama dola 780 hivi mkononi. Wale wenzangu wakaniambia dawa yake ni kuchukua kredit kadi ya wanafunzi, nianze kujenga skoa, yani alama ya jinsi ninavyolipa mikopo. Nikaanza kusoma onlaini ndo nikachanganyikiwa zaidi. Kuna kadi za wanafunzi, kuna za kuweka dipoziti yako kwanza, mmoja ananiambia ukitumia usilipe yote acha kidogo ndo skoa inapanda, mwingine anasema lipa yote. Mimi nyumbani nimezoea M-Pesa na Songesha basi, haya mengine sikuwahi kuyaona.

Afu likaja hili la mjomba. Alinisikia naongea na simu kuhusu hizo kadi, jioni akaniita tukakaa nje. Ana gari la mizigo, lile la boksi, ndo linalolisha nyumba, na giaboksi yake imekufa, gereji wanataka dola 2,600. Akaniambia, "Mama, mimi skoa yangu ilishakufa tangu mambo ya hospitali ya mke wangu, hakuna benki inanitazama. Wewe jina lako ni jipya, chukua kadi mbili kwa mpigo, mimi nitatumia na kila mwezi nalipa mwenyewe, neno langu unalijua." Akasema pia kwenye fomu pale wanapouliza kipato niandike dola 2,500 kwa mwezi, eti kwa sababu nilikuwa nakaa kwake basi kipato chake ni changu pia.

Sikumjibu kitu Anti. Nilisema nitaangalia. Tangu siku hiyo akinipigia simu moyo unadunda. Mkewe sidhani kama anajua. Mama sijamwambia, mana nikimwambia najua atasema mjomba ndo baba yako huko, na hapohapo mama mwenyewe ukimtajia mkopo anashtuka, mtaani kwetu kuna wamama walibebewa makochi na friji na wale wa kausha damu. Halafu mdogo wangu anaingia fomu faivu mwezi wa saba na mahitaji yake nimeahidi mimi, nilikuwa nimepiga hesabu nikipata kadi nimtumie kupitia kadi nilipe kidogokidogo.

Nikikataa ni mtovu wa shukrani. Nikikubali naogopa hata viza yangu isije ikaguswa. Na sasa hata ile kadi yangu mwenyewe naiogopa. Nifanyeje Anti?

Mpwa mwenye mawazo, Houston

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kilichonigusa zaidi ni pale uliposema mjomba akipiga simu moyo unadunda, mtu aliyekuja airport na blanketi. Hilo peke yake linatosha kukwambia kwamba hili jambo limeshaanza kula kitu kikubwa kuliko dola 2,600, na ndo mana umefanya vizuri kuandika kabla hujasaini popote.

Naona hapa una mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni kadi yako, ya maisha yako ya uanafunzi. La pili ni kadi ya mjomba yenye jina lako. Umeyachanganya kwa sababu yamekuja wiki moja, mpaka la pili limekutia hofu ya la kwanza, ila ni mambo tofauti na kila moja lina jibu lake.

Kadi yako. Wewe unasema umezoea Songesha. Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, hela ikiingia tu kwenye simu inajikata yenyewe, upende usipende. Kredit kadi haikukati, inakusubiri, na hapo ndo wengi wanapopotelea. Iko hivi: unatumia hela ya benki mwezi mzima, tarehe fulani wanafunga hesabu wanakutumia stetimenti, halafu sheria inawataka wakupe siku zisizopungua 21 tangu waitume mpaka tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuseme inafungwa tarehe 5, mwisho wa kulipa tarehe 30. Ukilipa ile namba yote ya kwenye stetimenti kabla ya tarehe 30, vitu ulivyonunua havina riba hata senti. Ukiacha kiasi, riba inaanza kutembea, na mara nyingi hata manunuzi mapya ya mwezi unaofuata yanakosa ile nafuu mpaka uwasafishie deni lote. Kwa hiyo huyo aliyekwambia acha kidogo ili skoa ipande, mwambie anakupotosha, wala usimchukie, ni uongo uliozunguka sana huko Marekani hata wenyeji wanauamini. Skoa haihitaji ulipe riba. Kinachohitajika ni kadi itumike na ilipwe kwa wakati.

Hiyo skoa inayotumika zaidi ni ya kampuni ya FICO, inaanzia 300 mpaka 850. Asilimia 35 inaangalia kama unalipa kwa wakati, asilimia 30 inaangalia madeni yako na hasa umekula kiasi gani cha limiti yako, yani kiwango cha mwisho unachoruhusiwa kutumia, 15 ni muda uliodumu na mikopo, vilivyobaki ni kama unaombaomba mikopo mipya na aina za mikopo uliyonayo. Na hawakupi skoa kabla akaunti yako haijafikisha miezi sita, kwa hiyo mwanangu hata ukipata kadi kesho, kwa apatimenti hii ya sasa haitakusaidia. Nakwambia hili mapema kwa sababu naona ulikuwa unaharakia ukidhani kadi ndo itaokoa ile dipoziti mara mbili. Haitaokoa. Labda uwaulize wale wa apatimenti kama wanakubali mdhamini, au kama wenzako waliopita wanaweza kushika mkataba wewe ukaongezwa kama mkaazi, au ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni wanajua nyumba zisizouliza hayo, wao wanaulizwa swali hilo kila muhula. Kadi ni ya kesho kutwa, ukimaliza chuo unatafuta nyumba yako na mkopo wa gari.

Ipi uchukue? Hapo mimi sikuchagulii, ila angalia hivi. Kadi ya mwanafunzi haidai dipoziti, limiti yake huwa ndogo, mara nyingi dola mia kadhaa mpaka elfu moja hivi, na wanaweza kukukataa kwa kuwa huna rekodi. Kadi ya dipoziti unaweka mfano dola 200, hizo zinakuwa ndo limiti yako, hazilipi bili yako ni dhamana tu, ukilipa vizuri baada ya muda wanakurudishia na wengine wanakupandisha kwenye kadi ya kawaida. Ubaya wake kwako ni kwamba dola 200 kati ya 900 zinafungiwa wakati unahama. Zote mbili uliza maswali yaleyale: kuna ada ya mwaka? zipo nyingi zisizo na ada, hamna sababu ya kulipa. Wanaripoti kwa zile kampuni tatu za rekodi, Equifax, Experian na TransUnion? kama hawaripoti zote unajenga nyumba nusu. Wana kipimo cha kukwambia kama utapita kabla hujaomba rasmi? mana ombi rasmi linabaki kwenye rekodi yako miaka miwili. Hizo kashibeki wanazokuvutia nazo, yani hela kidogo wanayokurudishia ukinunua, kwa mtu anayetumia dola 100 kwa mwezi ni dola moja mbili, zisikuchagulie kadi.

Wasichana wengi waliotulia na hizi kadi wanachofanya ni kuiwekea kitu kimoja tu, bili ya simu labda, wanaweka ijilipe yenyewe yote kila mwezi kutoka akaunti ya benki, plastiki yenyewe inalala kwenye droo. Ukikaa chini ya theluthi ya limiti yako uko pazuri, kwa limiti ya 500 ni kama 150, na ukiwa chini zaidi ni bora zaidi. Ukichelewa kulipa wengi wanakupiga faini inayoweza kufika dola 30 na ushee, na ukichelewa zaidi ya siku 30 wanakuripoti, hiyo alama inakaa kwenye rekodi mpaka miaka saba.

Lile la mdogo wako wa fomu faivu, nakuomba usimame kidogo. Kutuma hela nyumbani kwa kutumia kredit kadi, kampuni nyingi za kadi wanahesabu kama umetoa keshi. Keshi ya kredit kadi ina ada yake palepale, na riba inaanza siku hiyohiyo, hamna zile siku 21, na mara nyingi riba yenyewe iko juu kuliko ya manunuzi. Afadhali umwambie mama ukweli kwamba godoro na tranka utatuma mwezi wa sita na daftari mwezi wa saba, kutoka kwenye akaunti yako ya kawaida. Mama anaelewa kununua kwa mafungu kuliko unavyodhani, amekulea hivyo.

Sasa mjomba.

Sitaki kumsema vibaya mjomba wako, na wewe hujamsema. Mtu aliyeangushwa na bili za hospitali ya mkewe si mhuni, na gari likilala yeye analala na njaa. Naamini kabisa anaposema atalipa anamaanisha. Lakini jiulize mwanangu, hata yale madeni yake ya zamani, alikuwa na nia ya kutolipa? Nia alikuwa nayo, hela ndo haikuwepo. Kwa hiyo swali la neno lake unalijua au hulijui mimi naliweka pembeni, swali ni gari likiharibika tena baada ya miezi mitatu nani analipa. Na jibu kisheria ni wewe. Ukishampa mtu kadi yako kwa hiari huwezi kuja kusema umeibiwa, ile kinga ya mtu aliyetumiwa kadi bila idhini haikuhusu. Benki hawamjui mjomba, wanajua jina lililo mbele ya plastiki.

Piga hesabu na mimi, wewe ni mwanafunzi wa uhasibu. Dola 2,600, riba tuseme asilimia 24 kwa mwaka, kwa mwezi ni dola 52 riba tupu. Kadi nyingi malipo ya chini kabisa ni asilimia moja ya deni ukijumlisha riba, yani 26 na 52, jumla 78. Mjomba akilipa 78 atakuja kifua mbele kwamba nimelipa, na kweli amelipa, ila deni limepungua 26 tu. Kama kuna mtu unayemuamini mwombe akuonyeshe stetimenti yake, ukurasa wa mbele kuna kijisanduku, sheria inawalazimisha, kimeandikwa ukilipa kima cha chini peke yake utamaliza baada ya miaka mingapi na utakuwa umetoa jumla kiasi gani. Soma hiyo namba ya miaka polepole. Na hata akilipa kwa wakati kila mwezi, kadi zako zitakuwa zimeliwa mpaka ukingoni, ile asilimia 30 ya skoa yako inakaa chini, kwa hiyo ile sababu yako ya kuchukua kadi inakufa palepale.

Kuna jingine ambalo nadhani mjomba hajalipigia hesabu. Kwa limiti za wanafunzi, hizo kadi mbili, kama utapewa zote mbili, huenda zisifike hata dola 2,600. Mtakuwa mmejiingiza wote wawili na giaboksi bado iko chini.

Na hili la kipato mwanangu naomba niliseme bila kuzunguka. Kuna sheria ya mwaka 2009 huko Marekani, moja ya sababu zake ni kwamba makampuni yalikuwa yanakuja vyuoni yanagawa fulana na vizawadi ili vijana wasaini kadi. Inasema aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini wa kusaini naye. Kipato cha mwenye nyumba uliyokuwa unaishi si chako, wewe una miaka 20. Na kuandika kipato cha uongo kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai la serikali kuu. Umeuliza kuhusu viza. Kuwa na deni la kadi peke yake si jambo la viza, wanafunzi wengi wanayo. Lakini kesi ya jinai kwa mtu mwenye viza ya mwanafunzi ni habari nyingine kabisa.

Umeniandikia kwamba ukikataa ni mtovu wa shukrani. Nani kasema? Mjomba hajasema, umesema wewe. Mimi naona kuna nafasi kubwa kati ya kumpa jina lako na kumpa mgongo. Unaweza kumpa hela unayoijua, tuseme dola 100 kila mwezi mpaka muhula uishe, hiyo hata isiporudi hujaanguka, na utakuwa umempa mwenyewe siyo benki. Unaweza kukaa naye mkapiga simu gereji kuuliza kama wanakubali kulipwa kwa awamu au kama giaboksi iliyotumika inapatikana, wewe Kiingereza cha ofisini unacho. Kuna vile vyama vya akiba na mikopo, vya huko vinaitwa kredit yuniani, vingine vina mikopo midogo kwa watu wenye skoa mbovu na riba yao si ya kukausha damu. Na kama lile deni la hospitali bado lipo, hospitali zisizo za kibiashara kisheria lazima ziwe na utaratibu wa kuwapunguzia wasio na uwezo, watu wetu wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kukaa na mjomba kujaza hizo fomu ni shukrani pia, tena inamrudishia jina lake yeye.

Inawezekana ukasoma yote haya ukasema Anti, bado nataka kumsaidia kwa kadi. Ni maisha yako na ndugu yako, siwezi kukufungia mlango. Basi iwe kadi moja siyo mbili, yenye kipato chako cha kweli, ikae mkononi mwako na apu kwenye simu yako, kiasi kiwe ambacho ukiachiwa wewe peke yako kwa dola 780 zako unakimaliza, na hela yake ikufikie kabla ya tarehe siyo baada ya kukumbushwa. Na mkewe ajue. Hatari yake unaijua sasa, siku utakayolazimika kumkumbusha mjomba deni mezani kwake, mtakuwa mmeshahama kutoka mjomba na mpwa mkawa mdai na mdaiwa, na kurudi huko huwa kunachukua muda mrefu.

Maana hilo la mkewe kutojua limenikaa. Na mama hajui. Jambo lenye wakubwa watatu, anayejua ni mmoja na mtoto. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na mama kabla ya fomu yoyote, si kumshtaki kaka yake, ni kumwambia mjomba gari limekufa na ameniomba hivi na mimi naogopa hivi. Umeshamjibia mama kichwani mwako kwamba atasema mjomba ndo baba yako, lakini huyo huyo ameona friji za jirani zikibebwa. Msikilize kwanza. Mama ana uwezo wa kumpigia kaka yake simu akasema maneno ambayo wewe kwa umri wako huwezi kuyasema, na mjomba akayapokea bila kuona ametukanwa na mtoto.

Ukikutana na mjomba mwenyewe, nenda nyumbani, usimtumie meseji. Mwambie kwa adabu yako ileile, "Mjomba, nimeangalia kama nilivyosema. Sheria inataka kipato changu mwenyewe, na changu ni hiki. Hiki ndo ninachoweza." Mpe namba yako, halafu nyamaza umwachie nafasi aongee. Anaweza kukasirika siku mbili tatu, anaweza pia kupumua, mana kumwomba binti wa dada yako jina lake si jambo jepesi hata kwake.

Niandikie mama amesemaje. Na kwenye fomu, kadi yoyote utakayochagua na lolote utakaloamua kuhusu mjomba, kipato andika kile kilichoko kwenye karatasi yako ya mshahara.

Anti